Chemchemi ya kijiji na watoto ambao hawajazaliwa: jibu kwa mwenyekiti kutoka Vihiga

Swali: "Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya chemchemi katika kijiji kimoja kaunti ya Vihiga. Nyumba zipatazo 60 zinachota hapo. Kiwanja kinachoizunguka, kama ekari moja na nusu, wazee walikiacha wakati mashamba yanapimwa ili kiwe cha wote. Mwezi uliopita watu walikuja wakapigilia vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Mwakilishi wadi akatuambia soko litajengwa hapo na bajeti imeshapita. Tulipouliza wajukuu wetu watachota wapi, tukajibiwa kwamba sheria haimjui mtu ambaye hajazaliwa. Wazee watatu wanataka kiwanja kiandikwe majina yao kabla hakijachukuliwa. Vijana wanataka twende kortini kesho. Je, mtu anaweza kutetea haki ya watoto ambao hawajazaliwa? Na tuanzie wapi, maana pesa za wakili hatuna?"

Mwenyekiti, pole kwa mzigo huo, na umefanya vyema kuuliza wakati bado ni vigingi tu. Nitalijibu swali la watoto, lakini nianze na majina ya wazee watatu, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kuharibu mambo upesi kuliko soko lenyewe.

Tafadhali msiandikishe kiwanja kwa majina ya watu. Sina shaka na nia ya wazee hao. Lakini hati ikishatoka, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamhesabu aliyeandikwa kuwa ndiye mwenye ardhi hadi mtu athibitishe vinginevyo. Mzee akifariki, kiwanja kinaingia kwenye mirathi pamoja na shamba lake na ng'ombe wake, na mjukuu anayeishi mbali, ambaye hajawahi kubeba mtungi kutoka hapo, anaweza kukiuza kwa saini moja. Ni kweli kwamba mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilikubali kuwa dhamana ya kimila, yaani kuishikilia ardhi kwa niaba ya wengine kwa mujibu wa mila, inaweza kumfunga mwenye hati hata kama haikuandikwa popote. Ila dhamana hiyo haitoki bure. Ni lazima ithibitishwe kwa mashahidi, na baada ya miaka 30 walioshuhudia makubaliano watakuwa wamezikwa. Kuna hatari nyingine pia. Kama kiwanja ni ardhi ya umma, wazee wenu ndio watakaoonekana wanyakuzi. Kifungu cha 40(6) cha Katiba hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba hati haitoshi ikiwa chanzo chake ni kibovu.

Sasa hilo la "sheria haimjui mtu ambaye hajazaliwa". Aliyewaambia hivyo ana nusu ya ukweli. Mtoto ambaye hajapata hata mimba hawezi kumiliki ardhi wala kufungua kesi kwa jina lake. Lakini Katiba ya 2010 haikumsubiri azaliwe. Ilimtwika jukumu mtu aliye hai leo. Kifungu cha 42 kinasema haki ya kila mtu ya mazingira safi na yenye afya inabeba pia haki ya mazingira hayo kulindwa kwa faida ya vizazi vya sasa na vijavyo. Kwa hiyo ukisimama kutetea chemchemi, haki unayoidai ni yako mwenyewe, na ndani yake imo sehemu ya mjukuu. Sheria ya mazingira ya 1999, ile inayojulikana kama EMCA, inaagiza mahakama ziongozwe na usawa baina ya vizazi, na inaeleza maana yake: sisi tunaotumia leo tuhakikishe afya, aina za viumbe na rutuba ya mazingira zinabaki kama zilivyo au zinaongezeka kwa ajili ya watakaofuata.

Jambo la pili ni nani ana ruhusa ya kusema. Hapa ndipo Kenya imepiga hatua kubwa ambayo watu wengi vijijini hawajaisikia. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jengo la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Kesi ilitupwa kwa sababu hakuonyesha kuwa yeye binafsi angeumia kuliko mtu mwingine. Leo Kifungu cha 70 cha Katiba kinasema wazi kwamba anayelalamika kuhusu mazingira halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu amepata hasara au jeraha. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda kortini kwa niaba ya asiyeweza kujisemea, kwa niaba ya kundi, au kwa maslahi ya umma, tena bila ada ya kufungua kesi. Kanuni za 2013 za kesi za haki za msingi zinaruhusu hata barua ya kawaida ipokelewe. Si lazima uwe na hati ya kiwanja.

Na wala si Kenya pekee. Ufilipino, mwaka 1993, Mahakama ya Juu iliwaruhusu watoto kushtaki kuhusu ukataji wa misitu kwa niaba yao na ya vizazi ambavyo havijazaliwa. Wales ilipitisha sheria mwaka 2015 inayoweka kamishna ambaye kazi yake ni kuwasemea watu wa kesho mbele ya taasisi za umma. Sisi hatuna kamishna wa namna hiyo. Kazi hiyo kwetu imeachiwa raia, yaani kamati kama yenu, na ndiyo maana naichukulia kwa uzito mkubwa.

Lakini niseme wazi: haki iliyo ndani ya Katiba haitasimama mbele ya tingatinga peke yake. Mara nyingi mali ya vizazi vijavyo hupotea mapema, mezani, katika karatasi ambazo hakuna aliyezisoma: mpango wa mwaka wa kaunti, tangazo gazetini, orodha ya mahudhurio. Korti huja mwishoni, na huuliza kwa nini mlinyamaza karatasi zilipokuwa zinapita. Basi anzeni na karatasi.

Kwanza jueni kiwanja ni cha nani kisheria. Nendeni ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja, mfanye upekuzi rasmi, yaani kuangalia rejista imemwandika nani, na mwombe nakala ya ramani ya usajili wa eneo lenu. Ada yake ni ndogo. Mtakuta moja ya mambo matatu. Huenda kimeandikwa kama kiwanja cha umma chini ya halmashauri ya zamani, ambayo mali yake sasa iko mikononi mwa kaunti. Hapo kaunti inakishikilia kwa dhamana ya wakazi, na msimamizi wake ni Tume ya Kitaifa ya Ardhi, NLC. Huenda hakijasajiliwa kabisa, na mna sababu ya kudai ni ardhi ya jamii. Hapo mnaweza kuomba usajili wa jamii nzima chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na mpaka usajili ukamilike kaunti inakuwa mdhamini tu. Au, Mungu aepushe, mtakuta jina la mtu binafsi msiyemjua. Hilo likitokea, acheni mengine yote mtafute wakili siku hiyohiyo.

Kama ni ardhi ya umma, Kifungu cha 12 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinakataza kugawa ardhi iliyo kwenye maeneo oevu, kingo za mito na vyanzo vya maji. Msikitumie kifungu hicho kupita kiasi, lakini. Kinazuia kumgawia mtu, na kaunti inaweza kujibu kwamba haimgawii mtu, inajenga soko la umma. Jibu la hoja hiyo liko kwenye EMCA, Kifungu cha 42: hakuna anayeruhusiwa kujenga, kuchimba wala kukausha eneo oevu bila idhini ya maandishi ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, inayotolewa baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Serikali ya kaunti haina msamaha. Na kijito kinachotoka kwenye chemchemi kina ukingo wake unaolindwa: kanuni za ubora wa maji zinakataza kulima au kujenga ndani ya eneo lenye upana sawa na wa mto, lisilopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande. Chukueni kamba ya mita, mpime kutoka ukingoni hadi kwenye kila kigingi chekundu, mpige picha kamba ikiwa imenyooshwa.

Wakati huohuo andikeni barua ya kuomba habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Msiulize "mnapanga nini na chemchemi yetu", kwa sababu mtajibiwa kwa maneno matamu. Ombeni vitu kwa majina yake: mchoro wa soko, kibali cha ujenzi cha idara ya mipango, ripoti ya tathmini ya mazingira na leseni ya NEMA kama ipo, kumbukumbu za kikao cha ushirikishaji wa umma pamoja na orodha ya waliohudhuria, na ukurasa wa bajeti unaotaja mradi huo. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na mrudi nayo. Wasipojibu, au wakikataa, mna siku 30 za kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Hiyo orodha ya mahudhurio naomba muiangalie kwa makini. Watu husaini kwa ajili ya nauli au soda, kisha karatasi ileile inawekwa kwenye faili kama ushahidi kwamba wananchi walikubali. Mkialikwa kikao, andikeni kando ya jina neno "napinga" au "sijaamua", piga picha ukurasa, na kabla hamjaondoka wasilisheni maoni yenu kwa maandishi. Ushirikishaji hafifu unaweza kuuangusha hata mradi mkubwa. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe kule Lamu ilifutwa na Jopo la Kitaifa la Mazingira, chombo kinachosikiliza rufaa za leseni za NEMA, mwezi Juni 2019, na sababu kubwa ilikuwa wakazi kutoshirikishwa ipasavyo.

Kuhusu bajeti "iliyopita": bajeti ni ruhusa ya kutumia pesa. Haigeuzi matumizi ya ardhi na haichukui nafasi ya leseni ya NEMA. Mradi unaweza kuhamishiwa kiwanja kingine katika bajeti ya ziada, na hilo hutokea. Kwa miaka inayofuata shikeni kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya matumizi kufikia 30 Aprili. Anayelalamika mwezi Julai amechelewa karibu mwaka mzima. Kifungu cha 201 cha Katiba kinaagiza pia kwamba mzigo na manufaa ya rasilimali na ya mikopo ya umma yagawanywe kwa usawa kati ya kizazi cha sasa na vijavyo. Kitajeni katika maoni yenu, kwa sababu wajumbe wa kamati ya bajeti hawazoei kukisikia kutoka kijijini.

Sasa ushahidi wa maji yenyewe. Hapa kamati inaweza kufanya kazi ambayo wakili hawezi. Tarehe moja ya kila mwezi, alfajiri kabla foleni haijaanza, wekeni mtungi wa lita 20 chini ya bomba la chemchemi na mpime kwa saa ya simu unajaa kwa sekunde ngapi. Rudieni mara tatu, mwandike wastani. Ukijaa kwa sekunde 40, hiyo ni nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Andikeni kama mvua ilinyesha wiki hiyo. Wawili wasaini, mmoja wao asiwe mwanakamati. Vipimo vya Januari na Februari, wakati wa kiangazi, ndivyo vyenye nguvu zaidi, kwa kuwa vinaonyesha chemchemi inahimili nini visima vingine vikikauka. Daftari la namna hiyo likiwa na miezi 12, hakimu ana kitu cha kushika.

Mjue pia kwa nini soko linaweza kuua chemchemi bila hata kuigusa. Maji mnayochota hayazaliwi pale yanapotokea. Ni mvua iliyozama ardhini upande wa juu wa mteremko, ikapita polepole kwenye udongo na mwamba uliomeng'enyeka, hadi ilipokutana na tabaka gumu ikajitokeza. Mkiweka juu yake paa la mabati na uwanja wa zege, mvua ileile inakimbia juu juu kuelekea mtoni, na baada ya misimu michache mtungi unaanza kuchelewa kujaa. Vyoo vya shimo vikichimbwa upande wa juu, uchafu unafuata njia ileile ya maji. Kwa kawaida choo hukaa angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo, tena upande wa chini. Kwa hiyo mkikubaliana "soko lijengwe, lakini jicho la chemchemi lizungushiwe ua", mtakuwa mmelinda mdomo mkaacha koo. Na mkague yenu pia. Kama kuna mikaratusi imepandwa karibu na chanzo, au shamba linalimwa mpaka ukingoni, litasemwa mahakamani, na ni afadhali mlirekebishe ninyi kwanza.

Vijana wanaotaka kwenda kortini kesho wana haki ya kukasirika, ila wasikimbie. Kuna mlango wa kila jambo na kila mlango una siku zake. Kibali cha ujenzi cha kaunti kinapingwa mbele ya kamati ya kaunti ya usuluhishi wa mipango ya ardhi ndani ya siku 14. Leseni ya NEMA inapingwa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60, na siku hizo hushikiliwa kwa ukali. Malalamiko ya jumla kuhusu uharibifu yanapokelewa bila malipo na Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira. Mkiruka hatua hizi mnaweza kushinda hoja mkashindwa kesi. Wakazi wa Kibos, kando ya Kisumu, waliopinga viwanda jirani walifika hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2020 ikaamuliwa kwamba suala la leseni lilipaswa kupitia kwanza kwenye jopo, huku yale ya haki za kikatiba yakisubiri. Desemba 2023 mahakama hiyohiyo ililegeza kamba: pale ambapo vyombo hivyo haviwezi kutoa nafuu ya kutosha kwa ukiukaji wa haki ya mazingira, Mahakama ya Mazingira na Ardhi inaweza kusikiliza moja kwa moja. Ushauri wangu ni huu. Kama kibali au leseni ipo, ipingeni kwa mlango wake. Kama hakuna leseni na ujenzi unaanza, mna hoja nzuri ya kwenda moja kwa moja Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba amri ya kusimamisha.

Tuseme mmefanikiwa, soko limehamishwa. Hapo ndipo kamati nyingi hulala, na baada ya uchaguzi mmoja au miwili vigingi vinarudi. Ushindi wa kudumu ni ule ulioandikwa mahali ambapo mwenyekiti ajaye, gavana ajaye na jirani ajaye watalazimika kuusoma. Ombeni NLC na kaunti zikitenge kiwanja rasmi kama chanzo cha maji, na kionyeshwe hivyo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti. Jiungeni na chama cha watumiaji maji cha bonde lenu, kwa sababu Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, ina uwezo chini ya Sheria ya Maji ya 2016 wa kutangaza eneo la chanzo kuwa eneo linalolindwa, kwa tangazo katika gazeti rasmi la serikali.

Kuna chombo kingine ambacho hakitumiki inavyostahili. EMCA, kuanzia Kifungu cha 112, inamruhusu mtu au kikundi kuiomba mahakama iweke sharti la mazingira juu ya shamba la mtu, kwa mfano kwamba sehemu ya juu ya chemchemi isichimbwe wala kujengwa. Sharti hilo linasajiliwa pamoja na ardhi, linaweza kuwa la kudumu, na linamfunga hata atakayeinunua baadaye. Mwenye shamba anaweza kudai fidia, na ni haki yake, kwa hiyo zungumzeni naye kwanza kwa heshima. Jirani akikubali kwa hiari, kazi inakuwa nyepesi sana. Kama mngeniuliza chombo kimoja tu cha kumwachia mjukuu, ningechagua hiki.

Nisiwafiche upande wa pili. Sensa ya 2019 ilipata zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba katika Vihiga. Ardhi ya soko ni adimu kweli, na mama anayeuza mboga kwenye matope naye ana watoto. Mahakama hupima maendeleo na hifadhi pamoja. Kamati inayosema "hapana" tupu husikilizwa kidogo kuliko ile inayofika na mahali pengine pa kujenga. Tafuteni kiwanja mbadala, hata kama ni kidogo zaidi, mkitaje katika barua ya kwanza. Kama hakipo kabisa, dai lenu la chini kabisa liwe soko lisogezwe upande wa chini wa mteremko, vyoo vikae mbali na chanzo, maji ya paa yaelekezwe kuzama ardhini, na upande wa juu ubaki na miti ya kienyeji na nyasi.

Msaada wa ana kwa ana mtauhitaji katika hali tatu: mkikuta hati ya mtu binafsi, mkikuta leseni imeshatolewa na siku 60 zinahesabika, au mashine zikifika kabla hamjapata jibu lolote. Anzieni ofisi ya NEMA ya kaunti pale Mbale, mwombe na msaada wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016, au muulize tawi la karibu la Chama cha Wanasheria ni nani anayechukua kesi za maslahi ya umma bila malipo. Mtakapokwenda, bebeni matokeo ya upekuzi, barua zenye muhuri, picha za kamba na vigingi, na daftari la mtungi. Na kwa kuwa mashahidi wa makubaliano ya zamani ni wazee, wiki hii hii mwombeni yule mkongwe kuliko wote aeleze jinsi kiwanja kilivyoachwa, mwandike maneno yake kwa lugha anayoisema, kisha mumpeleke mbele ya wakili au hakimu akaape kiapo cha maandishi.